Ufadhili wa Ng'ambo Hauuzwi na Wakala

Majuzi, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi barazani Kibokoni, hapa Mji wa Kale, alipofika mama mmoja jirani akiandamana na bintiye. Alinikabidhi bahasha. "Mwalimu, hebu tusomee. Mwanao ameitwa Marekani."

Nilisoma. Binti alikuwa amekubaliwa kusomea shahada ya uzamili katika isimu. Kuhusu ufadhili, barua haikutaja hata neno moja. Ilimtaka athibitishe kuwa ana fedha za karo na masurufu ya mwaka wa kwanza, ndipo apewe fomu I-20, ambayo pasipo hiyo hakuna viza ya mwanafunzi. Mama alikuwa ameuza bangili zake za dhahabu ili kumlipa wakala aliyewaahidi skolashipu.

Kukubaliwa chuoni ni jambo moja na kulipiwa ni jambo jingine, na mawakala hunufaika kwa kuwa wazazi wetu hawajaelezwa tofauti hiyo. Kwa shahada ya kwanza, vyuo vichache, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton na Amherst, havitazami mfuko wa mwombaji hata akiwa mgeni, na humtimizia upungufu wake wote. Ila wanaoingia ni wachache mno. Kwa shahada za juu njia ni nyingine. Idara yenyewe huweza kumwajiri mwanafunzi awe msaidizi wa kufundisha au wa utafiti, ikamsamehe karo na kumpa posho. Nafasi hizo aghalabu huombwa papo hapo na nafasi ya masomo, mara nyingi kufikia Desemba au Januari. Katika fomu ya binti huyu, kisanduku cha kuomba nafasi hiyo kiliachwa kitupu. Wakala alimwambia kwamba kuomba fedha huwachukiza wazungu!

Nilipoyasoma maelezo yake binafsi ndipo niliposikitika zaidi. Yalisema kwamba yeye ni mwenye bidii na anatoka katika jamaa isiyojiweza. Maelfu ya waombaji husema hayo. Hayakusema kwamba bibi yake alimfundisha kusoma tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kule SOAS, London, kumehifadhiwa hati nyingi za namna hiyo, na wanaoweza kuzisoma ni wachache. Kadhalika, vyuo kadhaa vya Marekani hufundisha Kiswahili, na wafundishaji wengi wa madarasa hayo huwa ni wanafunzi wa uzamili na uzamifu kutoka kwetu. "Nilidhani hayo ni mambo ya nyumbani tu, ami," aliniambia.

Sisi walimu tusijitoe lawamani. Ni wangapi kati yetu huandika barua moja ya mapendekezo, kisha tukabadilisha jina tu? Nami nimewahi kufanya hivyo.

Marehemu Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa mjini humu mwaka 1933, hakupata alama za kumfikisha Makerere. Alikuwa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa wakati Gavana Philip Mitchell alipomsikia akihutubia Maulidini, na hotuba hiyo ikamfungulia njia ya ufadhili wa serikali. Alipata shahada Manchester mwaka 1960, Columbia 1961, na uzamifu Oxford 1966. Kaburi lake liko karibu na Ngome ya Yesu, na vijana wetu hulipita kila siku. Leo hakuna gavana wa kuja kutusikiliza. Kamati ya chuo humsikia mwombaji kwa barua yake, na barua hiyo haifai kuandikwa na wakala asiyemjua bibi wala utenzi.

Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ulioanzishwa mwaka 1959, na ule wa Chevening wa Uingereza, haumtozi mwombaji hata senti. Anayedai ada kwa niaba yao aulizwe stakabadhi ya nani.

Binti ameandika upya, kwa mkono wake, na mara hii kisanduku kimejazwa. Majibu hayatarajiwi kabla ya Machi. Mama amekwisha kuniuliza mara tatu.