AFYA YA FAMILIA: Samaki Wetu na Ugonjwa wa Kichocho

Kina mama wapendwa, mwezi huu tuzungumzie ugonjwa tuliouzoea mno huku Ruvuma. Mtoto wa kiume akikojoa damu, wako wanaosema amekua. Hajakua, anaumwa kichocho.

Kichocho huletwa na minyoo midogo inayoishi ndani ya mishipa ya damu karibu na kibofu. Mayai yake hutoka na mkojo. Yakifika ziwani huanguliwa, na vijidudu hivyo huingia ndani ya konokono wa majini. Humo huongezeka, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayeteka maji. Pasipo konokono, kichocho hakiendelei.

Je, konokono hupunguzwa na nani? Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, na kila aina Mungu aliipa chakula chake. Wako wenye meno magumu kooni, ambao huvunja magamba ya konokono na kuwala. Hao hukaa karibu na ufuko, mahali pale pale panapovutwa kokoro na vyandarua. Ng'ambo, huko Cape Maclear nchini Malawi, wataalamu walieleza kwamba tangu katikati ya miaka ya 1980 samaki hao walipungua kwa kuvuliwa mno. Konokono wakaongezeka, na kichocho kikaenea hata kwenye fukwe za mchanga zilizokuwa salama.

Mvua nazo zina sehemu yake. Milimani Mbinga, penye ngoro za Wamatengo, maji hutuama shimoni na udongo hubaki shambani. Penye mteremko mtupu, udongo na uchafu huteremka hadi ziwani na kustawisha mimea ya majini ambayo konokono hula. Maji ya kina kifupi yakipata joto, vijidudu hukua upesi zaidi ndani ya konokono.

Sisi wanawake tunaumia kwa siri. Mayai ya minyoo hukwama pia ukeni na kwenye shingo ya kizazi. Mama hutokwa damu isiyo ya mwezi, huumia wakati wa tendo la ndoa, na pengine hukosa mtoto. Dalili hizi hufanana na za magonjwa ya zinaa, na mume na mke huanza kushutumiana bure. Mama, ukienda kutibiwa, mweleze muuguzi kwamba umekulia ziwani.

Tufanye nini?

1. Anayekojoa damu apelekwe zahanati. Dawa ya prazikwanteli hutolewa kwa kipimo na huponya, lakini akirudi kwenye maji yale yale anaweza kuambukizwa tena.

2. Tuwe na choo, na tuwafundishe watoto wasikojoe majini.

3. Maji ya kuogea yachemshwe, au yakae siku mbili kwenye chombo kisicho na konokono.

4. Chandarua ni cha kitandani. Mume akiwa mvuvi, tuzungumze naye kwa upole: samaki wa ufukweni wakiachwa, wanawalinda watoto wake.

5. Walio milimani wasiache ngoro. Jembe la mama wa Mbinga linamsaidia mama wa Liuli na Mbamba Bay.

Mpaka mwezi ujao, tutunze afya za nyumba zetu.