Mji Safi wa Mabwana wa Haki

Mwanamume mmoja amemaliza kula mgahawani. Bili imeletwa, anaona wamemzidishia, anapaza sauti. Polisi wanamkamata na kumwondoa. Ndani ya gari linalopita barabarani wameketi Batman wawili, kila mmoja ametoka dunia yake, wanatazama. Ni tukio la sekunde chache tu, nami nimelichagua lifungue toleo hili la katuni kwa sababu sijaona filamu ya watu wazima iliyoueleza udikteta kwa ufupi kiasi hicho.

Kisa chenyewe kinaitwa "A Better World", cha sehemu mbili, katika mfululizo wa Justice League uliokuwa ukirushwa na Cartoon Network. Kilionyeshwa Marekani Novemba 2003. Kuna dunia mbili zilizofanana kama shilingi kwa ya pili, mpaka siku moja. Katika mojawapo, Lex Luthor, adui wa Superman, amefika Ikulu ya Marekani, Flash, shujaa mwenzake Superman, ameuawa, na vita vya kuangamiza dunia vinanukia. Superman anamfuata rais ofisini kwake. Luthor hatishiki, maana anamjua mtu huyu: hajawahi kuua. Safari hii anaua, kwa miale ya macho yake, palepale. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake ndio wanaoitawala dunia, na jina wamebadilisha. Si Ligi ya Haki tena, ni Mabwana wa Haki. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa neno hilo. Palipo na bwana, pana mtwana.

Dunia za giza katika katuni huchorwa kwa moshi, magofu na majitu yenye macho mekundu. Hii haina hata kimoja. Barabara za Gotham, mji wa Batman, zimefagiliwa, hakuna jambazi kichochoroni. Hata Arkham, ile hospitali ya wahalifu wendawazimu, imetulia. Joker mwenyewe, adui mkubwa wa Batman, amekuwa mpole, nadhifu, hana neno na mtu, kwa kuwa Superman amemchoma ubongo kwa miale ileile iliyomuua Luthor. Alama imebaki usoni. Mimi tukio hilo hunitia baridi kuliko kifo cha rais. Kifo kilitokana na hasira na msiba wa rafiki. Hii ni kazi iliyofanywa kwa utulivu, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, na aliyeifanya anaamini ametenda wema.

Mabwana wanawateka mashujaa wa dunia ya pili na kuwaleta kwao, lakini moyo wa kisa uko katika pango la Batman wa Mabwana, pale Batman wawili wanapopambana gizani na kubishana. Wote ni yatima wa risasi moja. Wote walikuwa na miaka minane wazazi wao walipouawa. Yule Bwana anamwambia mwenzake kwamba kwa nguvu walizotwaa, hakuna mtoto wa miaka minane atakayepoteza tena wazazi wake kwa sababu ya mhuni mwenye bastola. Batman wetu anakosa jibu. Anakubali kwamba ameshindwa.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia waandishi wa kisa hiki. Wamempa dhalimu hoja yenye nguvu kuliko zote, hoja ya yatima, na hawakumharakisha shujaa kujibu. Jibu linasubiri mpaka kwenye ile safari ya gari, mpaka kwa yule mlalamikaji wa bili. Ndipo Batman anamwambia mwenzake kwamba baba na mama wangeupenda sana mji huu, na wangejivunia mwana wao. Hasemi zaidi. Bwana yule anaumia, na mwishowe yeye mwenyewe anawasaidia wageni wake kurudi kwao.

Wapo wazazi wanaotuambia kwamba mtoto aonyeshwe shujaa aliye shujaa, asivurugwe akili. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Mtoto aliyezoea kuona kwamba mwenye nguvu siku zote ni mwema atakua akimsubiri mtu mmoja mkali aje kusafisha nchi, naye atampigia makofi. Superman wa kisa hiki hakurogwa wala hakubadilishwa na mashine. Ni yuleyule mtoto wa wakulima wa Kansas. Alifiwa, akachoka, akaona njia ya mkato.

Na ushindi wenyewe haukupatikana bure. Ili kuwavua Mabwana nguvu zao, Superman wa Ligi anamwendea Luthor wa dunia yake, ambaye bado yu hai na yuko gerezani, amtengenezee silaha. Bei ni msamaha kamili. Luthor anatoka mtu huru, na katika mfululizo uliofuata, Justice League Unlimited, anajitosa kugombea urais. Serikali nayo, ikishajua Mabwana walifanya nini kwao, inaanza kujiandaa kisirisiri kupigana na mashujaa wake. Watunzi walibeba gharama hiyo kwa miaka, hawakuisahau kipindi kilipoisha.

Msomaji, kama una mtoto nyumbani, kitafute kisa hiki mkitazame pamoja. Mkifika mgahawani, simamisha picha, umuulize: yule bwana amekosa nini? Kisha umwache ajibu mwenyewe.