Shamba lisiuzwe kwa sababu ya mwaka wa kwanza wa udaktari

Bukavu, Kivu ya Kusini – Matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka, katika nyumba nyingi furaha haimalizi siku tatu. Mtoto amepata diploma yake, tena kwa pointi nzuri, na neno lake ni moja tu: anataka kuwa munganga. Hapo ndipo baba, mama, wajomba na mashangazi wanaketi kuhesabu. Aende chuo kikuu cha kanisa, chenye jina na bei kali, ama aende chuo kikuu cha serikali ambacho familia inaweza kujikaza ikakilipa?

Kwa familia zilizokimbia Kalehe, Minova ama Walungu, mazungumzo hayo ni mazito zaidi. Wengi wanaishi kwa jamaa, ama wamepanga chumba kimoja huko Panzi na Kadutu. Mali iliyobaki ni shamba ambalo hawawezi kulifikia, labda na ng'ombe mmoja aliyeachwa kwa jirani. Tangu M23 iingie Bukavu mwezi wa pili 2025, mabenki yalifunga milango, na mwenye kutafuta franga haraka analazimika kuuza kwa bei ya kutupa. Wanunuzi wanalijua hilo vizuri, na wengine wanangoja kabisa mwezi wa maandikisho ili waje kuuliza bei.

Shamba hilo lisiuzwe. Mtoto aanze katika chuo cha serikali.

Si kwamba vyuo vya kanisa havina kitu. Bukavu ina bahati ambayo miji mingi ya Kongo haina: fakulte za udaktari ziko tatu zinazojulikana. Ya serikali ni ile ya UOB. Wakatoliki wana UCB, iliyoanzishwa mwaka 1989, na wanafunzi wake wanajifunza kazi katika Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa. Waprotestanti wana UEA, ambayo wanafunzi wake wanaingia Hospitali ya Panzi, ile aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Hospitali hizo ndizo utajiri wa vyuo hivyo. Mwanafunzi aliyesimama miezi mingi kando ya kitanda cha mgonjwa, pamoja na munganga mzoefu, anatoka na kitu ambacho silabusi haiwezi kumpa.

Lakini kitanda cha mgonjwa hakiko katika mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza ni kemia, fizikia, biolojia, hesabu, na kukariri usiku. Kemia ya chuo cha bei kali ndiyo ile ile ya chuo cha bei ndogo. Na kila familia yenye mtoto aliyepitia huko inajua kwamba mwaka huo ni chujio: kuna wanaorudia darasa, kuna wanaohamia fakulte nyingine, kuna wanaokata tamaa kabisa. Shamba linauzwa mara moja, lakini mwaka wa kwanza unaweza kulipwa mara mbili. Sasa mzazi aliyeuza shamba kwa ajili ya mara ya kwanza, mara ya pili atauza nini?

Tuseme, kwa mfano tu, tofauti ya bei kati ya vyuo viwili ni dola 500 kwa mwaka. Udaktari unaomba miaka 6 ama 7, kama hakuna kurudia. Kwa miaka 7 hiyo ni dola 3500. Wadogo zake watatu walio sekondari wanasoma kwa franga hizo hizo, na mama akiugua anatibiwa kwa hizo hizo.

Iko hoja moja ya upande wa pili ambayo haifai kufichwa, maana ni ya kweli. Vyuo vya serikali vinajulikana kwa migomo ya maprofesa, na wanafunzi wenyewe wameipa jina miaka hiyo: miaka ya elastiki, inavutwa tu haiishi. Mwaka uliovutwa una gharama yake: kodi ya chumba, chakula, usafiri. Kwa hiyo bei ndogo ya minervali si bei yote. Mwenye kuhesabu vizuri aongeze angalau mwaka mmoja wa maisha katika hesabu ya chuo cha serikali. Hata hivyo kwa familia nyingi hesabu hiyo bado inapita chini ya ile nyingine, na tena inakuja kidogo kidogo. Deni dogo linapatikana katika likelemba ya akina mama ama kwa shangazi aliye na duka. Deni la mamia ya dola lenye tarehe ya mwisho halipatikani, na asiyemaliza kulipa anasimama nje ya mlango wenzake wakifanya mtihani.

Na baadaye? Wengi wanafikiri munganga akishapata diploma atarudisha shamba kwa mshahara wa miezi michache. Ukweli wa nchi hii si huo. Waganga wengi wa serikali wanafanya kazi muda mrefu bila mshahara wa kweli, wakingoja namba ya matrikile, wakiishi kwa prime ndogo ambayo hospitali inagawa kutoka kwa malipo ya wagonjwa. Namba hiyo haiulizi kama ulisoma kwa bei gani. Chama cha Waganga, kile ambacho kila daktari lazima ajiandikishe kabla ya kutibu, nacho kinaangalia diploma inayotambuliwa, si lango la chuo. Mukwege mwenyewe alipata udaktari wake mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Burundi, chuo cha serikali, akaenda kufanya kazi Lemera, kisha akajiendeleza Ufaransa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote mahali popote, mzazi aulize mambo machache na adai majibu yaliyoandikwa. Wanafunzi wanafanya staji katika hospitali gani? Mbali na minervali, kuna nini kingine: maandikisho, labo, silabusi, staji? Kama wanaahidi bourse, inadumu mwaka mmoja ama mpaka mwisho, na inapotea kwa pointi ngapi? Bourse ya kweli inabadilisha kila kitu, na hapo chuo cha kanisa kichukuliwe bila kusita. Mtoto akifaulu vizuri miaka ya mwanzo na familia ikapata nguvu, anaweza pia kuomba kuhamia, lakini chuo kinachopokea ndicho kinaamua miaka gani kinaikubali, na ni vema kuuliza hilo mapema.

Kuna nyumba ambamo mjadala huu wote unafanyika kwa ajili ya kijana tu. Binti aliyemaliza naye mwaka huo huo, pengine na pointi zaidi yake, anaambiwa uuguzi unamtosha, ama angoje kaka amalize. Uuguzi ni kazi ya heshima kwa anayeipenda. Ila mzazi anayetaka kumpeleka mmoja chuo cha bei kali, afanye kwanza hesabu ya kuwapeleka wawili UOB.