Kilichotiwa Katika Plastiki Kibainishwe

Utando wa polithini kwa tabia yake hung'ang'aniana, na lau si vilainishi kama erukamidi na oleamidi, ambavyo huchanganywa kwa kiasi kidogo mno kisha hupanda polepole hadi juu ya utando na kuufanya uteleze, mifuko isingefunguka kwa wepesi wala mitambo isingekwenda kwa kasi. Manufaa hayo siyakanushi. Walakini mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alberta, nchini Kanada, walidhihirisha kwamba oleamidi, ikivuja kutoka vyombo vya plastiki vya maabara, yaweza kuharibu majaribio. Kwa hiyo ni faradhi kwa kila kiwanda, hasa kinachohudumia maabara na hospitali, kumbainishia mnunuzi vitu vyote kilivyovitia, kama mtengenezaji dawa abainishavyo viambato vyake.