Tanga: Semina za maandiko zipo, wa kumshika mkono msaka wafadhili hayupo

Marekani ilisitisha misaada Januari 2025, Julai USAID ikafungwa. Kwa asasi za Tanga zilizotegemea fedha hizo, kazi sasa ni moja: kusaka mfadhili mpya.

Mara nyingi anaachiwa kijana mmoja mwenye laptop na bando. Semina ya kuandika andiko kahudhuria. Kumchunguza mfadhili hakufundishwa.

Matokeo yake? Mpango wa Tanga Yetu, unaofadhiliwa na Fondation Botnar ya Uswisi, unalenga vijana wa mjini. Ukiwapelekea andiko la mwani wa Mkinga, umechoma bando tu.

Mzoefu angemwonyesha hili jioni moja: mifuko binafsi ya hisani ya Marekani hulazimika kujaza fomu 990-PF kila mwaka, na inasomwa mtandaoni bure. Imeandikwa nani kapewa na kiasi gani. Unajua mapema kama wanatoa dola 5,000 au 500,000, kabla hujaandika hata mstari.

Wazoefu hao wapo, baadhi wako nyumbani baada ya miradi kufungwa. Ila semina ina fungu la posho na chai. Miezi sita ya kupigiana simu na kusahihishana kazi haina fungu.