Mapambo ya Pasaka na vitenzi tunavyovipoteza

Shule moja hapa Nkoroi, kandokando ya barabara ya Magadi, iliwaagiza wazazi kuleta mapambo ya "mti wa Pasaka": mayai ya plastiki, riboni na vifaranga vya manjano vya kutundika. Vyote vya dukani. Hakuna aliyeagizwa kutengeneza kitu, na hapo ndipo nilipo na neno la kusema.

Mti huo ni desturi ya Wajerumani. Huko, Pasaka huja wakati matawi mengi yangali makavu kwa baridi, nao huyavika mayai kuashiria uhai unaorejea. Bwana Volker Kraft wa mji wa Saalfeld alianza na mayai machache kwenye mtofaa wake mwaka wa 1965; kufikia 2012 yalikuwa yapata 10,000, mengi yakiwa maganda halisi yaliyopambwa kwa mkono. Kwetu Kajiado, Pasaka huangukia majira ya masika. Mvua ikinyesha inavyopasa, mgunga huwa umekwisha kujivika wenyewe.

Sisemi tukatae kitu kwa kuwa ni kigeni. Ushanga wa kioo ambao mama wa Kimaasai huutunga kwa ustadi mkubwa umekuwa ukiletwa kutoka Ulaya, mwingine kutoka Ucheki, na leo nani atathubutu kusema si wake? Ameufanya wake kwa kuutunga. Yai la plastiki mtoto hulipokea likiwa limekamilika. Hana la kulifanya ila kulitundika.

Kazi yangu ni lugha, na hasara ninayoiona ni ya lugha. Pambo la kununua huhitaji vitenzi viwili au vitatu. Pambo la kutengeneza humlazimu mtoto kutoboa, kupuliza, kusuuza, kusokota, kupinda, kusuka na kutunga. Anayetunga ushanga akikutana na "kutunga shairi" darasani haambiwi maana, kwa sababu vidole vyake vinaijua. Aliyesuka kuti la Jumapili ya Matawi likawa msalaba ataelewa kwa nini wahakiki husema "msuko" wa riwaya. (Misalaba hiyo nayo, ole wetu, siku hizi tunainunua langoni mwa kanisa ikiwa imekwisha kusukwa.) Aidha, Nkoroi ni mahali pa watu wa makabila mengi, na katika nyumba nyingi Kiswahili ndicho kiungo. Kikibaki Kiswahili cha "leta", "weka" na "nunua", kitakuwa cha sokoni tu.

Mzazi atauliza muda atautoa wapi, naye hupanda matatu alfajiri kwenda Nairobi na kurudi usiku. Swali ni la haki. Lakini Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu za taifa, na kazi yenyewe haizidi saa moja. Toboa yai kwa sindano juu na chini, upande mmoja tundu liwe kubwa kidogo, puliza, uji wake umwagike bakulini, suuza, kausha. Ukitaka rangi ya kahawia yenye wekundu, chemsha maganda ya vitunguu. Ukitaka njano, chemsha manjano ya jikoni. Funga uzi katikati ya nusu ya njiti ya kibiriti, isiyo na kichwa, uitumbukize wima tunduni: ikilala ndani, yai halichomoki. Tawi lisikatwe mtini. Chini ya migunga yapo yaliyoanguka, na miiba yake ni kulabu tosha.

Kwa walimu, ombi langu ni dogo. Badala ya orodha ya dukani, waandike mstari mmoja: kila mtoto alete pambo alilolitengeneza, na asimame mbele ya wenzake aeleze kwa Kiswahili alivyolitengeneza, hatua kwa hatua. Yaliyobaki bakulini yakaangwe kwa kitunguu kile kile kilichotoa maganda.