Reli au mwendokasi: Mjadala wa Dar unaomhusu hata mtu wa Bugarama

MKAZI wa Bugarama, katika Halmashauri ya Wilaya ya Msalala mkoani Shinyanga, hana sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya foleni ya Kimara. Adha yake ni nyingine: kusubiri hiace ijae, au kubanana na wenzake katika gari dogo la mchomoko linalopakia watu kupita uwezo wake, ndipo afike Kahama au Geita. Hata hivyo, mjadala unaozuka kila usafiri wa Dar es Salaam unapokwama, wa iwapo jiji hilo lingejengewa reli nyepesi badala ya mabasi yaendayo haraka, unamhusu kuliko anavyodhani.

Unamhusu kwanza kwa sababu ya fedha. Mikopo iliyojenga njia za mwendokasi, ule wa Benki ya Dunia kwa awamu ya kwanza na ule wa Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa awamu ya pili, haikukopwa na Jiji. Ilikopwa na nchi, na hulipwa kutoka mfuko ule ule unaopokea mrabaha na kodi za dhahabu ya Bulyanhulu. Lakini linamhusu pia kwa sababu nyingine: kinachoamuliwa Dar es Salaam huja kuigwa na Mwanza, Arusha na Dodoma, na mwisho hufika Kahama.

Wanaotetea reli wana hoja isiyopaswa kubezwa. Treni haikai kwenye foleni, hubeba watu wengi kwa mkupuo mmoja, na ikitumia umeme haitoi moshi. Dar es Salaam yenyewe ilipata kuonja. Oktoba 29, 2012, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, alizindua treni za abiria za jijini: moja ya TRL kutoka Ubungo Maziwa hadi Stesheni, nyingine ya TAZARA kuelekea Mwakanga. Wananchi waliziita "treni ya Mwakyembe", na zilijaa tangu siku za mwanzo. Ziliendeshwa kwa injini na mabehewa ya zamani yaliyokarabatiwa, juu ya reli zilizokuwapo tayari, moja yenye upana wa milimita 1,000 na nyingine milimita 1,067, kiasi kwamba behewa la shirika moja haliwezi kukanyaga reli ya jingine. Kwa gharama ndogo kiasi kile, ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano.

Lakini treni ya Mwakyembe haikuwa reli nyepesi. Reli nyepesi ni mfumo mpya kabisa wenye njia yake, nyaya zake za umeme, karakana yake na vipuri vyake. Mfano ulio karibu na Tanzania ni Addis Ababa. Ethiopia ilifungua mfumo wake Septemba 2015: njia mbili zenye jumla ya kilometa zipatazo 34, treni 41, kwa gharama ya dola za Marekani milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Afrika Mashariki yote iliitazama Addis Ababa kwa wivu. Miaka michache baadaye vipuri vilianza kukosekana, fedha za kigeni za kuviagiza zikawa adimu, nauli iliyowekwa chini ili mwananchi aimudu haikutosheleza gharama za uendeshaji, na zaidi ya nusu ya treni zile zikabaki zimeegeshwa.

Lagos nayo ina funzo lake, tena huko majibu yote mawili yalijaribiwa katika jiji moja. Njia ya mabasi ya kilometa 22, kutoka Mile 12 hadi kisiwani, ilianza kubeba abiria Machi 2008. Reli yake, inayoitwa Blue Line, ilipokea abiria wa kwanza Septemba 2023, baada ya ujenzi uliochukua zaidi ya muongo mmoja, na ilianza na kilometa 13 tu. Mtoto aliyezaliwa mwaka mabasi yale yalipoanza alikuwa sekondari treni ilipofika.

Kwa upande wa uwezo wa kubeba watu, wengi hudhani kwamba treni lazima ishinde. Si lazima. Mfumo wa TransMilenio wa Bogotá, Colombia, uliofunguliwa mwaka 2000 na ambao Dar es Salaam iliuchukua kama kielelezo, umewahi kupitisha abiria zaidi ya 40,000 kwa saa katika upande mmoja wa njia yake yenye shughuli nyingi. Mfumo wa Addis Ababa ulisanifiwa kwa abiria 15,000 kwa saa. Siri ya Bogotá ni njia ya kupishana vituoni, ambayo huruhusu basi la moja kwa moja kulipita lililosimama, na ni mabasi mengi mno. Njia za kupishana Dar es Salaam inazo katika vituo vya awamu ya kwanza. Kilichokosekana ni hicho cha pili.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Awamu ya kwanza ya mwendokasi, kilometa 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kutoa huduma Mei 2016 kwa mabasi 140, wakati mpango ulihitaji 305. Huduma ile iliitwa ya mpito, na UDART, kampuni iliyoundwa na UDA pamoja na vyama vya wamiliki wa daladala, ilipewa kuiendesha hadi apatikane mwendeshaji wa kudumu. Kampuni ilitaka nauli ya Sh1,200; SUMATRA iliyokuwa ikidhibiti usafiri wakati ule iliruhusu Sh650 kwa njia kuu. Mwaka 2018 mabasi mengine 70 yalikwama bandarini kwa mgogoro wa kodi, jua na mvua vikiyamaliza, huku abiria wa Ubungo wakigombea milango. Karakana ya Jangwani, iliyojengwa katika bonde ambalo kila mzee wa Magomeni anajua kwamba hujaa maji, ilifurika mara kwa mara na kuharibu mabasi machache yaliyokuwapo.

Mtu anaweza kuuliza: je, treni ingenusurika? Ingepita bonde lile lile la Msimbazi, chini ya wasimamizi wale wale, kwa nauli iliyopangwa na mamlaka ile ile. Tofauti ni kwamba basi likiharibika lingine hulipita pembeni, na fundi wa Gerezani anaweza kulifufua. Treni ikifia njiani, njia nzima imefungwa.

Awamu ya pili inathibitisha jambo hilo kwa uchungu zaidi. Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, kilometa 20.3, ilijengwa na kampuni ya Sinohydro. Zege likakauka na vituo vikasimama, lakini wakazi wa Mbagala, eneo lenye msongamano wa kutisha, waliendelea kupita kandokando ya njia tupu wakiwa wamening'inia kwenye daladala. Mabasi, ya kampuni binafsi ya Mofat na yanayotumia gesi asilia, yalikuja kupatikana mwaka 2025. Mwanzoni mwa Oktoba mwaka huo abiria wa Kimara, waliochoka kusubiri saa nyingi, waliyarushia mawe mabasi ya mwendokasi, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaagiza baadhi ya mabasi mapya yapelekwe njia yao. Kabla mwezi haujaisha, vurugu za uchaguzi wa Oktoba 29 ziliteketeza sehemu ya miundombinu ya mradi huo. Vipo vituo vya kujengwa upya sasa, na fedha yake inatoka katika mfuko ule ule.

Kwa mwenendo huu, uchaguzi wa mabasi haukuwa kosa. Kosa ni kujenga barabara na kuliacha suala la nani ataendesha, kwa mabasi mangapi na kwa malipo gani, lijitatue lenyewe. Huko Bogotá kampuni za mabasi hulipwa kwa kuzingatia kilometa zilizosafiri, si kwa vichwa vilivyosukumana mlangoni pekee. Mwendeshaji hapati hasara kwa kupeleka basi lenye nafasi saa sita mchana. Mwendeshaji wa Dar es Salaam, anayeishi kwa nauli, ana kila sababu ya kungoja basi lijae pomoni. Anayedhani kwamba reli nyepesi ingefuta udhaifu huo anabadilisha chombo na kumwacha dereva yule yule.

Reli ina nafasi yake, lakini si pale inapotajwa na wengi. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na kufika Dodoma kabla ya kwisha kwa Julai, imeonyesha kwamba Mtanzania hupanda treni bila kubembelezwa ikiwa inaondoka kwa wakati. (Ilipokwama siku za mwanzo kwa hitilafu ya umeme, TRC iliwataja ngedere na ndege, wenye daladala walicheka sana.) Njia za zamani za kuelekea Pugu na ile ya TAZARA zingeweza kufanyiwa ukarabati wa maana na kulisha vituo vya mwendokasi kwa sehemu ndogo ya gharama ya reli nyepesi.

Turudi Msalala. Halmashauri hii ina jambo ambalo ni nadra nchini: upande mmoja ina Isaka, yenye bandari kavu na stesheni ya reli ya Tabora–Mwanza iliyokamilika mwaka 1928, upande mwingine ina mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Kati ya pande hizo mbili hakuna huduma yoyote ya usafiri wa umma iliyopangwa kwa ratiba. Wafanyakazi wa migodi mikubwa hubebwa na mabasi maalumu ya zamu. Mama muuza mboga, mwanafunzi na mgonjwa anayepelekwa Kahama hutegemea bodaboda, hiace na mchomoko, na nauli hupanda mvua inaponyesha.

Hakuna mwenye akili timamu atakayependekeza reli nyepesi au barabara ya mwendokasi Bugarama. Lakini swali lililoishinda Dar es Salaam, la kujenga njia bila kupanga huduma, limekwishafika. Ujenzi wa SGR ya Mwanza–Isaka, kilometa 341, ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Juni 2021 ukitarajiwa kuchukua miezi 36, na hadi mwaka 2025 ulikuwa haujakamilika. Mradi wa lami wa barabara ya Kahama–Kakola, kilometa 73, nao umepata mchango wa mgodi kupitia makubaliano ya Serikali na Barrick. Yote mawili yanazungumzwa kwa lugha ya kilometa na asilimia za utekelezaji.

Yasiyozungumzwa ni haya. Treni ya abiria ikifika Isaka usiku, nani atakuwapo kumchukua mtu wa Bugarama, na kwa nauli gani? Lami ikikamilika, hiace zitasimama wapi, au zitaendelea kupakia katikati ya barabara mbele ya malori ya mgodi? LATRA itatoa leseni kwa michomoko au itaendelea kukimbizana nayo? Maeneo ya kusimama mabasi hutengwa kwenye michoro, kabla katapila halijapita, na halmashauri inayapata kwa kuyaomba TANROADS. Madiwani wa Msalala wanao muda wa kuyaomba wakati mkandarasi bado yuko kazini; akishaondoka, itabidi wasubiri bajeti nyingine na fidia nyingine kwa wenye vibanda.